Kinu Kilipokuwa Chepesi

Mafuta ya ufuta yanayouzwa siku hizi kwenye chupa hayana harufu. Mjukuu wangu aliniletea chupa moja kutoka Mombasa, nikaifungua, nikanusa, nikairudisha kabatini. Lakini juzi nilipita mahali ambapo mtu alikuwa akiwalisha mbuzi wake mashudu, yale makapi yanayobaki ufuta ukishakamuliwa, na jua lilikuwa limeanza kuyachachusha. Nilisimama pale pale, mkono ukutani. Ile ndiyo harufu ya nyumba yetu. Wazee wenzangu hupenda kusema kwamba kila cha utotoni kilikuwa kitamu. Mimi harufu ile hunitia kichefuchefu, nanyi nitawaambia kwa nini.

Nyumba yetu ilikuwa katikati ya mji wa Amu, ndio Lamu, na chini yake palikuwa na kinu cha mafuta. Msifikirie kinu cha kutwangia mpunga. Hiki kilikuwa gogo nene lililochimbwa katikati, na ndani yake mchi mkubwa uliozunguka ukiubana ufuta kwenye kuta mpaka mafuta yachuruzike. Katika nyumba nyingine ngamia alifungwa kwenye mchi wenyewe. Babu yangu hakutaka. Alisema mafuta ya nyumba yenye heshima hayanuki mkojo wa ngamia. Kwa hiyo ngamia alizunguka uani akivuta mti wa kuzungushia, na kinu kikakaa chumbani, na baina yao, ukutani, seremala wa Kihindi akajenga sanduku lenye magurudumu mawili ya mbao yenye meno. Sanduku hilo ndilo lililopokea nguvu za ngamia uani na kuzipeleka kwenye mchi ndani. Hapakuwa na jingine kama hilo mjini, na kwetu lilitajwa kama watu wengine wanavyowataja masharifu wa ukoo wao.

Tabu yake ilikuwa moja. Meno ya mbao yalikatika. Ufuta ukiwa mkavu mchi hukwama, ngamia huvuta kwa hasira, na ndani ya sanduku husikika mlio kama wa mfupa. Siku hiyo kazi husimama na baba huwa hasemezeki. Hata mama alipita nyuma ya nyumba asionane naye.

Sasa niwajulishe Faida. Faida ndiye aliyeninyonyesha, kwa kuwa mama aliugua nilipozaliwa, na kwa ajili hiyo nilimwita mama na hakuna aliyenikataza. Alikuwa mtumwa wetu, mzaliwa wa nyumbani. Alikaanga ufuta, akaupepeta, na tena alikuwa mkunga. Ndugu zangu wote walidondoka mikononi mwake, na wanawake wa mtaa wetu hawakukubali kuzaa mpaka Faida afike. Alikuwa na binti mmoja, Subira, aliyeolewa Mbwajumali, kisiwani Pate, na mwaka ninaousema Subira alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kwetu binti hazai mzaliwa wa kwanza bila mama yake kuwapo. Faida alitaka jambo moja tu duniani, afike Mbwajumali kabla ya uchungu.

Majumba mengine yalikuwa yameanza kupungua watumwa, wakiondoka mmoja mmoja, nami sikujua sababu. Faida hakuondoka. Alikuja akakaa chini mbele ya baba, nami nikiwa nimelala mapajani pake.

"Bwana," akasema kwa Kiamu chetu, ambamo kuata ni kuacha na ndia ni njia, "mwanangu yu karibu. Naomba uniate huru kwa ulimi wako, nende nikamzalishe. Siwezi kushika ndia bila ya radhi yako."

Baba alikuwa akichezea jino la mbao lililokatika asubuhi ile. "Na ufuta huu nimwatie nani? Ngoja nikitengeneze kinu. Kikiwa chepesi sitakuwa na haja nawe, nitakuata uende."

Faida akambusu mkono. Ahadi ni deni, akaniambia tulipotoka, na akaimba akipepeta.

Kukitengeneza kwenyewe kulikuwa hivi. Bara, upande wa Mkunumbi, palikuwa na Mzungu aliyelima pamba, ikamshinda, akaenda zake akaacha mashine ya kuchambulia pamba ikila kutu kichakani. Baba alikwenda akarudi na magurudumu mawili ya chuma, moja dogo kama sinia na moja kubwa kuliko mlango wetu. Mahamali walilipitisha kwa kulibiringisha, wakavunja ukingo wa kizingiti, na mama akanung'unika mpaka magharibi. Mhunzi akaitwa, sanduku la babu likabomolewa, na kwa wiki kadhaa nyumba nzima ikawa ni nyundo na masizi.

Baba alikuwa na akili, hilo sitamnyima. Alituwekea sahani mbili mkekani akatuonyesha. Sanduku la zamani lilikuwa na magurudumu yaliyolingana, ngamia akizunguka mara moja, mchi nao mara moja. Sasa gurudumu dogo litakuwa upande wa uani na kubwa upande wa kinu. Anayesukuma atazunguka mara nyingi ili mchi uzunguke mara moja, na kwa hivyo hatauhisi uzito. "Uzito haupotei," baba akasema akicheka kwa furaha ya kuelewa, "hugawanywa kwa hatua." Alikuwa sahihi kabisa. Lakini hakuna aliyemwuliza hatua hizo atazitembea nani.

Aliyeyapenda magurudumu yale kuliko baba mwenyewe alikuwa Faida. Aliyapaka mafuta jino baada ya jino, na kila akimaliza huyasomea Fatiha. Mkononi alikuwa na kitambaa cheupe alichokuwa akikishona kikoti cha mtoto. Mama akamtania kwamba ameposwa na chuma. Faida akajibu, "Hichi ndicho kitakachonipeleka Mbwajumali, Mwana. Chombo chochote kingine chataka nauli."

Siku ya kukijaribu kinu baba aliwaalika majirani, ikaja kahawa na halua. Alimfungua ngamia akamweka kando. Ngamia huyo tulimwita Kadhi, kwa jinsi alivyotutazama kama aliyekwisha kutuhukumu. Kisha baba akaniita mimi, mtoto niliyeng'oka meno ya mbele, akaniambia nisukume mti. Nikausukuma kwa mikono miwili. Ukaenda. Ndani chumbani mchi ukaguna, ukaanza kuzunguka taratibu, na mafuta yakatona. Wazee wakasema mashallah. Nilijiona mimi ndiye mwenye mji. Faida alikuwa mlangoni, machozi yakimtoka kwa kucheka. "Umeona, mwanangu?" akaninong'oneza. "Sasa mimi nenda zangu."

Kadhi aliuzwa wiki ile ile kwa watu wa bara. Ngamia hula sana, baba akasema, na kinu kinachosukumwa na mtoto kina haja gani na ngamia? Asubuhi iliyofuata alimpa Faida ule mti.

"Mpaka nipate mtu," akamwambia. "Hii si kazi, ni kutembea."

Faida akatembea. Alitembea kuanzia jua likichomoza hadi adhuhuri, akaswali, akala, akatembea tena. Ni kweli kinu kilikuwa chepesi. Kilikuwa chepesi kiasi kwamba hakikumpa sababu ya kusimama. Ngamia alikuwa akikwama, akapiga magoti, akalia, watu wakamwonea huruma wakampumzisha. Chuma hakikukwama wala hakikukatika. Baada ya siku chache Faida akashikwa na kizunguzungu, akawa anatapika ukutani, mpaka siku moja akaenda mwenyewe msumarini, akatungua vile vifuniko vya ukili alivyokuwa akivishwa Kadhi machoni, akajifunga. Akasema akiwa haoni kichwa hakimzunguki. Mimi na wenzangu tulimfuata nyuma tukiigiza mwendo wake, na yeye, asiyeniona, alinijua kwa nyayo, akaniambia nisikanyage mashudu nikateleza.

Alimwomba baba tena. Nilisikia, kwa kuwa nilikuwa nikila ubuyu kizingitini. "Bwana, kinu ni chepesi sasa."

"Ni chepesi kwa kuwa wakisukuma wewe. Msimu wa ufuta ukiisha nitakuata."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Ufuta haukwisha, kwa kuwa baba, kwa kinu kile kisichochoka, alipokea na ufuta wa wengine. Akaja mtu wa Mbwajumali mwenye kuuza papa mkavu. Akaingia uani, akamwona Faida akizunguka na vifuniko machoni, akashindwa aanze vipi. Akasema hapo hapo aliposimama. Subira amezaa mtoto wa kiume, mtoto alikaa vibaya, wanawake wa kule walijitahidi siku mbili. Mtoto yu hai. Subira wamekwisha kumzika.

Faida alisimama. Hakuvua vifuniko. "Mtoto alitanguliza nini?" akauliza. "Mguu," yule mtu akajibu. Faida akainua mikono yake mbele ya uso ambao haukuweza kuiona, akaigeuza taratibu, kama anavyofanya mkunga anapomweka sawa mtoto tumboni. Jambo hilo alikuwa amelifanya kwa mama yangu, kwa kaka yangu aliyekuja vivyo hivyo, na wote wawili waliishi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mama alimpa nguo ya msiba, baba akampumzisha siku za matanga, kisha Faida akarudi kwenye mti.

Aliachwa huru mwaka uliofuata. Baba alishikwa na homa kali, dawa zote zikashindwa, na mwalimu wetu wa Kurani akasema hakuna sadaka iondoayo balaa kama kumwacha mtu huru. Wakaitwa mashahidi. Baba akatamka, mbele yao, kwamba Faida ni huru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Faida akapiga magoti akambusu mkono, miguu ikiwa imevimba hata akashindwa kuinuka bila kushikwa. Akaenda Mbwajumali kwa mjukuu wake. Nililia nikamshika nguo, mama akanibandua. Baba akapona.

Miaka mingi baadaye baba alipokufa, kwenye hitima yake mzee mmoja alitaja mema ya marehemu, na la kwanza lilikuwa hilo, kwamba alimwacha mtumwa huru kwa ajili ya Mungu. Sisi wanawake tulikuwa ndani tukisikiliza. Watu wakaomba Mungu amlipe pepo, nami nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa kuwa mtu mwenyewe nilikuwa nimemnyonya.

Baada ya hapo ndipo ami yangu, kwa mazungumzo tu, akitafuna tambuu, aliponiambia jambo ambalo mji mzima ulilijua. Serikali ilikuwa imetangaza mwisho wa utumwa kabla ya magurudumu yale kutoka kichakani. Baba alikwenda ofisini mwenyewe akapokea fidia kwa ajili ya Faida. Siku alipomkabidhi mti hakuwa na haki juu ya ukucha wake. Na Faida alijua. Tangazo alilisikia kama wote. Lakini alikuwa amefundishwa kwamba neno la Mzungu halifiki mbele ya Mungu, kwamba aondokaye bila radhi ya bwana wake ni mtoro hata kaburini, na mtoto atakayepokewa na mikono ya mtoro hana baraka. Alifundishwa hayo humo nyumbani, na bibi yangu, na mama yangu, na mwalimu aliyetufundisha sote. Mlango wa uani haukuwa na komeo. Alikuwa akiupita kila mzunguko.

Baba namwombea maghufira, maana ni baba yangu. Lakini amina ile niliyoiitikia kwenye hitima nimemwomba Mungu anirudishie, na kila nikiswali namwomba tena.