Simu Tatu za Kliniki Nilizomficha Mume Wangu

Nimekosa, na sitaki mtu anitafutie sababu. Nilificha simu za kliniki kwa makusudi, nikijua kabisa kuzificha kunaweza kumuua mume wangu.

Mume wangu alipandikizwa moyo India. Wake wa kuzaliwa ulikuwa umetanuka hadi akawa hawezi kutoka mlangoni mpaka kwenye migomba. Tuliporudi kwetu Mwika, kijijini mlimani, daktari alinikalisha akaniambia kazi ndiyo kwanza inaanza. Vidonge vya kuzuia mwili usiukatae ule moyo, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, maisha yake yote. Apimwe damu kila akiitwa. Homa kidogo tu, hospitali.

Miaka minne nilikuwa saa yake! Kila kidonge nilikiandika kwenye daftari. Mbege, pombe yetu ya ndizi, hakuigusa. Wageni wenye kikohozi niliwazuia uani, nikaitwa mwenye kiburi. Mwanaume akanenepa, akaanza kuchuma kahawa yake mwenyewe.

Halafu akahamia Pasua, kule mjini, kwa mwanamke muuza vitenge. Aliondoka mchana kweupe, begi la dawa mkononi. Nikamuuliza nani atamkumbusha.

"Mimi siyo mgonjwa tena," akanijibu. "Wewe ndiye unayependa niwe mgonjwa."

Neno hilo liliniunguza. Nililala nalo, nikaamka nalo.

Namba iliyokuwa kwenye faili lake ilikuwa yangu. Mwezi wa pili tangu aondoke nesi akapiga: damu aliyopimwa juzi inaonyesha dawa imeshuka sana, aje wiki hii hii. Nikasema nitamwambia. Nikaweka simu chini, nikaendelea kumenya ndizi za mtori, na kusema kweli niliona raha. Acha aone. Wiki iliyofuata akapiga tena, nikasema nimeshamwambia. Mara ya tatu nikasema amesafiri.

Haukupita mwezi, yule mwanamke akapanda Mwika. Akaniamkia shikamoo, sikuitikia. Akasema mume wangu amevimba miguu na analala ameketi. Vidonge, mume wangu alikuwa amemwambia ni vya presha tu, na alikuwa anavimeza akikumbuka. Hata kwamba moyo ule ni wa kupandikizwa, mwanamke huyo hakujua.

"Dada, wewe ndiye unayezijua dawa zake. Nielekeze tu."

Nikamwambia, "Ulimchukua mzima. Mchukue na ugonjwa wake." Nikafunga mlango.

Binti yetu Neema alikuwa jikoni, amekuja likizo ya chuo. Alinipita, akamfuata yule mwanamke, wakampeleka baba yake hospitali. Daktari akawaambia mwili umeanza kuukataa moyo, akauliza kwa nini hawakuja wakati walipigiwa mara tatu. Neema akaomba aone namba. Akaisoma, akaijua.

Hakufa. Walimtundikia dawa kali siku nyingi, lakini moyo haukurudi ulivyokuwa. Anatembea kwa kushika ukuta, na daktari amesema tusitegemee kupata moyo mwingine.

Ule moyo ulikuwa wa kijana aliyekufa ajalini huko India. Mama yake ndiye aliyekubali utolewe. Wakati namenya zile ndizi sikumkumbuka mama huyo kabisa. Siku hizi namkumbuka yeye kuliko mume wangu.

Neema amehamia Pasua. Yeye ndiye anayempa baba yake vidonge, naye humwita yule mwanamke mama mdogo. Kwenye faili wameandika namba ya Neema. Nilimpigia kuuliza kliniki ni lini, niwasindikize.

Akajibu kwa upole, "Hapana, mama. Tarehe hatutakuambia."

Mume wangu sijamsamehe, nisiwadanganye. Nikimwona, yale maneno yake yananirudia.

Lakini dada yangu uliyeachwa, nisikilize. Kasirika. Mshtaki kwa ukoo wake. Badilisha kitasa, asionje hata chai yako. Ila simu ya daktari ikiingia kwako, mfikishie siku hiyohiyo, hata kama utaisema huku unamtukana.