Zamu Ambayo Hatukuimaliza

Leo nimekata limau la chai, na harufu yake ikanirudisha utotoni, mbele ya kompyuta ya nyumbani kwetu Nyakato. Jioni moja mama alirudi kutoka kiwandani, alikokuwa akikata minofu ya sangara, akajisugua vidole kwa limau kutoa shombo, kisha akakaa nyuma yangu na kaka, nyuso zetu zote zikiwa za buluu kwa mwanga wa kioo.

Mchezo ulikuwa wa majoka, unachezwa kwa zamu: unapiga hatua zako chache, na ukimaliza zamu, joka nalo linasogea. Ramani ile kaka aliichora mwenyewe, ngumu makusudi: mji wa mawe, ziwa, na kisiwa chenye kijiji. Ili ushinde, ilibidi ukiache kijiji kiungue.

"Hao wa kisiwani vipi?" aliuliza mama, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe.

"Wanaachwa, mama. Ndiyo ramani ilivyo."

"Waachwe na nani? Wapakie."

Nikawapakia wote kwenye mtumbwi. Katikati ya maji hatua zikaniishia, na joka lilikuwa karibu kabisa.

"Umeona sasa?" kaka akafoka. "Ukimaliza zamu tu, wameungua wote."

Mama akaweka mkono wake wa baridi juu ya mkono wangu.

"Basi usiimalize."

Tukauhifadhi mchezo hivyo hivyo.

Kompyuta ile sasa iko kwangu, Ilemela. Nimeiwasha kabla hata sijanawa mikono. Maji yanametameta, joka linapumua, na watu wa mama bado wamo mtumbwini. Nimewaangalia mpaka chai ikapoa, kisha nikaizima kompyuta.

Bado ni zamu yangu.