Miezi Ambayo Kichwa Kilinyamaza

Maumivu ya kichwa ya mdogo wangu wa kike yalianza na harufu. Asubuhi alikuwa akisema moshi wa makala, yale makaa ya kupikia, unanuka vibaya, na mimi nilikuwa muuza makala, nilinuka hivyo siku zote. Baadaye alikuwa akishika upande mmoja wa uso, juu ya jicho, na kulala amejifunika kitenge. Hapo hata maji yakimiminwa katika bidoni, dumu letu la plastiki, yalimuumiza.

Wazazi wetu waliuawa kwenye barabara ya Djugu mwanzoni mwa vita. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule, nikaanza kazi, na mwishowe tukajikuta katika kambi ya waliokimbia, karibu na uwanja wa ndege wa Bunia, chini ya shitingi, ile plastiki ya msaada. Yeye alikuwa msichana mzima, wa umri wa kuolewa. Milio ya bunduki ilipotoka mjini, watu wote walijitupa chini kwa hofu. Yeye alikuwa amekwisha kulala, ameziba masikio kwa sababu kila mlio ulimchoma jichoni.

Siku moja nilimwomba jirani yetu aache kutwanga sombe, majani ya muhogo, kwa muda.

"Dada yako ni malkia?" aliuliza, mchi mkononi. "Bunduki anasikia kila siku, lakini kinu yangu ndiyo inamuua?"

"Mama, nakuomba. Kidogo tu."

"Na batoto yangu bakule nini? Bakule shitingi?"

Wenzake walicheka. Hata hivyo aliburuta kinu chake mpaka ng'ambo ya vyoo, akatwanga huko. Tangu siku ile wanawake wa upande wetu waliniita mlinzi wa malkia.

Kambini kulikuwa na chumba cha maombi, kibanda cha miti na turubai, na mama aliyekiongoza alisema ni roho. Malaria haifuati mwezi, alisema, na ugonjwa huu unakuja kila mwezi. Katika hilo hakukosea. Akamfungisha, bila chakula na bila maji hadi jua lizame. Kichwa kilizidi. Mdogo wangu alitapika maji ya njano, na mama wa maombi akasema roho inapigana. Lakini mfungo ulipoisha, chumba kile kilitupatia sahani ya fufu na maharagwe, nasi hatukuwa na sahani nyingine ya uhakika. Kwa hiyo tulirudi.

Kisha maumivu yakakoma. Mwezi ukapita, na mwingine. Alianza kuimba akisuka nywele za majirani. Mama wa maombi alitangaza kwamba Jumapili mdogo wangu atasimama mbele ya watu wote atoe ushuhuda wa kuponywa. Nilitaka iwe kweli kuliko nilivyotaka vita viishe. Lakini niliogopa asimame mbele ya watu aseme amepona, halafu kichwa kirudi, waseme hana imani na kutufukuza kwenye sahani ile. Nikaenda kwenye hema la zahanati kumuuliza muuguzi kama ugonjwa wa namna hiyo unaweza kuondoka kabisa.

"Kichwa ilikuwa inakuja mbele ya kuona mwezi, ao nyuma?" aliniuliza.

Kwetu kaka hazungumzi hayo, hata akiwa ndiye baba na mama.

"Kijana, weye unabeba makala ya muji muzima na neno moja linakushinda?"

"Sijui, mama. Sijamuuliza."

Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto mkubwa. Mwili wa mwanamke, alisema, unatengeneza homoni iitwayo estrojeni, inayopanda na kushuka kila mwezi. Mishipa ya fahamu inayobeba maumivu ya uso na kichwa inaipokea homoni hiyo na kuifuata. Inaposhuka ghafla, kabla ya damu kuja, kwa wanawake wengine mishipa hiyo inakuwa mikali, na jambo dogo linafika kichwani likiwa kubwa: harufu, mwanga, kinu. Isipopanda na kushuka, mara nyingi kichwa kinatulia.

"Na hapa kambini," alisema, "vitu viwili vinasimamisha mwezi. Njaa, na mimba."

"Siye wote tuko na njaa," nilisema haraka.

"Basi muulize."

Nilirudi nikiomba Mungu iwe njaa. Nimekuwa na njaa maishani mwangu, na nimeiombea iondoke mara nyingi, lakini mchana ule niliiombea ibaki.

Nilimkuta anafua. Nilikaa chini, mgongo wangu ukimwelekea ili nisimwaibishe, nikauliza. Alikamua nguo mpaka mwisho, akaianika kwenye kamba.

"Si njaa, yaya," alisema. Yaya ndivyo alivyoniita, kwa kuwa ni mkubwa wake.

Mwanaume aliyempa mimba alikuwa mchimba dhahabu wa Mongbwalu. Alikuwa amekimbilia kwetu mapigano yalipofika huko, akaahidi kurudi na mahari, akaondoka njia ilipofunguka. Ikafungwa tena nyuma yake. Hakuna aliyejua kama yu hai.

"Jumapili usiende," nilisema. "Nitawaambia unaumwa."

"Mara ya kwanza siumwi, ndiyo useme naumwa?"

"Watakufukuza."

"Tumbo litanifukuza, yaya, hata nikinyamaza. Afadhali nifukuzwe na kichwa iko mwepesi."

Alikwenda. Mimi nilisimama mlangoni. Alipopewa nafasi alisema kwamba kichwa kimeacha, ni kweli, na kwamba ana mimba, na kwamba hataki watu wamshukuru Mungu kwa jambo moja bila kujua la pili. Hakuna aliyepiga makofi. Mama wa maombi alisema kwa upole kwamba roho imehamia tumboni, na akamwonyesha mlango. Sahani ikaisha siku hiyo. Nikaanza kwenda mbali zaidi kutafuta makala, njia ambazo wengine walikuwa wameziacha kwa kuogopa wenye bunduki.

Muuguzi alikuwa ametuonya: mama akizaa, ile homoni inaanguka yote kwa pamoja. Mdogo wangu alijifungua msichana, mzima. Siku chache baadaye aliniambia mikono yangu inanuka moshi, akageukia ukuta wa shitingi. Mtoto alikuwa analia, na kila alipolia mama yake alijikunja, akinyoosha mkono kumpokea huku akiuvuta tena.

"Nimupe ziwa, halafu mupeleke, yaya," alisema. "Mupeleke nisimusikie. Nisije nikamuchukia."

Mtoto alipomaliza kunyonya, nilimfunga kifuani, nikatoka naye. Nilitembea kando ya uzio wa uwanja wa ndege mpaka nilipokuwa na hakika kwamba sauti yake haifiki, nikakaa kwenye majani, nikamwacha alie anavyotaka.