Video ya Gauni la Zambarau

Rael alikuwa na miaka arobaini na moja alipoamua kwamba na yeye atajirekodi. Alikuwa fundi wa nguo sokoni Uriri, kibanda chake cha mabati kimebanwa kati ya duka la dawa za mifugo na kinu cha kusaga mahindi, na kazi yake ilijulikana hadi Migori mjini. Lakini siku hizi wateja walikuwa wanakuja na simu mkononi, wanamwonyesha mishono ya mafundi wa Nairobi na Kisumu, na kila akitazama alikuwa akisema moyoni: hii hata mimi naiweza, tena naiweza kuliko huyu. Akanunua simu yenye kamera nzuri, akamwita Mourine, binti wa dada yake aliyekuwa nyumbani akingoja kujiunga na chuo, aje amfundishe.

Video ya kwanza aliifanya kabla Mourine hajafika, maana hakuwa na subira. Alivaa nguo ya kanisani, akaegemeza simu kwenye mkebe wa vifungo, akasimama wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Akasalimu watazamaji popote walipo. Akamshukuru Mungu, akaeleza kibanda kilianza mwaka gani. Alipofika kwenye kukata shingo ya blauzi, ambayo ndiyo ilikuwa habari yenyewe, kinu kikawashwa, na kuanzia hapo midomo ilicheza tu bila neno kusikika. Iliangaliwa mara kumi na moja. Mara nne ni yeye mwenyewe.

Mourine aliitazama hadi katikati akaishusha simu. "Anti, nikuambie ukweli? Hata mimi imenichosha, na mimi ni mtu wako."

"Imekuchosha kwa nini na ni kazi nzuri?"

"Kazi ni nzuri, lakini hakuna mtu ameifikia. Watu wanapitisha kidole tu, hivi, hivi. Una sekunde tatu. Wacha salamu, anza na shida. Onyesha nguo imeharibika, mtu ashtuke, abaki aone utaitengeneza vipi. Na usiangalie uso wako kwa simu, angalia kale katundu ka kamera. Halafu ukafute, kamejaa mafuta ya mandazi."

Rael alikasirika kidogo, akacheka, akafuta. Wiki zilizofuata alijifunza kama alivyojifunza kushona, kwa kukosea. Alijua kwamba mwanga mzuri ni ule wa mlangoni asubuhi, na kwamba lazima amalize kusema kabla kinu hakijaanza. Akaifunga simu kwa lastiki kwenye kigoda kilichosimamishwa juu ya meza ili imulike mikono yake kutoka juu. Akaacha Kiswahili cha redioni, akaanza kusema kama anavyosema na mteja: "Ona hapa, zipu imekataa, usiivute kwa nguvu, utaipasua." Ile ya zipu ilitazamwa na watu mia mbili na arobaini. Mwanamke wa Rongo aliandika kwamba ameokoa sketi yake. Rael alisoma maneno hayo mara nyingi kuliko anavyoweza kukiri.

Ndipo, Ijumaa moja asubuhi, akaja Nyanchoka.

Nyanchoka alikuwa mama mchangamfu wa Migori mjini ambaye Rael hakuwa amewahi kumshonea. Dada yake alikuwa anaolewa upande wa Rangwe, huko Homa Bay, na magauni ya wasimamizi yote yalikuwa yameshonwa huko na fundi mmoja. La kwake lilikuwa la satini ya zambarau. Alilivaa pale nyuma ya pazia, akatoka, akasema, "Fundi, niangalie vizuri. Sasa nainua mkono."

Akainua. Gauni lote likapanda naye, kiuno kikafika kifuani, na mgongoni satini ikajikunja kama pazia linalovutwa. Akashusha mkono, gauni likashuka. Akainua tena. Wote wawili wakacheka mpaka mwenye duka la dawa akachungulia. Kosa Rael aliliona mara moja: mkono wa kushoto ulikuwa umewekwa kulia, na wa kulia kushoto.

"Mama, nikurekodi? Mgongo tu. Uso hauonekani."

"Nirekodi, bora unitengenezee. Harusi ni kesho."

Akarekodi ule mkono ukipanda na kushuka. Halafu akalilaza gauni mezani, simu ikimulika kutoka juu, akaanza kufumua, huku akisema lolote lililomjia. "Jameni, mafundi wengine! Huyu hakufundishwa na mtu. Alinunua cherehani Jumatatu, Jumanne akajiita fundi." Maneno yalimtoka vizuri kuliko siku zote. Alijua yametoka vizuri.

Alipofika kwenye zipu, vidole vyake vikasimama. Ndani, pale zipu inapoishia, palikuwa na msalaba mdogo wa uzi mweupe, umeshonwa kwa mkono, mara tatu kwenda na mara tatu kurudi, ili zipu isije ikachana kitambaa. Mafundi hawafanyi hivyo tena. Alikuwa amemwona mtu mmoja tu akifanya hivyo maishani mwake.

Zilpah wa Asumbi. Rael alipokuwa na miaka kumi na tisa, ameacha shule, ana mtoto mchanga mgongoni na kwao hawataki kumwona, Zilpah ndiye aliyempa chumba cha nyuma na kiti mbele ya cherehani. Miaka miwili. Mtoto akilia, Zilpah ndiye aliyembeba ili Rael amalize pindo. Msalaba ule wa uzi mweupe Rael alifundishwa kwa kufumuliwa na kurudishwa, kufumuliwa na kurudishwa, mpaka ukatoka sawa. Yeye mwenyewe aliuacha alipoanza kazi za haraka za sokoni.

Alizima simu, akamaliza gauni. Nyanchoka aliondoka akishukuru, na Rael akabaki na video. Mambo yaliyopita kichwani mwake mchana ule aliyakumbuka baadaye moja moja. Alijua kwamba Zilpah hangeweza kukosea mikono kama macho yake yangekuwa mazima. Alijua kwamba angeweza kuyakata yale maneno ya mafundi wengine abaki na mikono tu. Akajiambia kwamba hajataja jina. Akajiambia kwamba Mama Zilpah hana simu ya kuonea vitu hivi. Saa tisa alikata pale tu zipu ilipoanza, msalaba usionekane, akaituma.

Jumapili alipotoka kanisani video ilikuwa imetazamwa na watu elfu tisini. Jumatatu ilipita laki mbili. Watu wa soko walikuwa wanapita kibandani wakiinua mkono mmoja na kucheka. Alicheka nao. Maoni yalikuwa mengi hadi Mourine akawa anamsomea, na katikati ya kusoma akafika kwenye moja, ya mmoja wa wasimamizi wa ile harusi: "Hiyo ni kazi ya Mama Zilpah wa Asumbi. Langu pia liliharibika."

"Anti, huyu ametaja jina," Mourine alisema. "Nifute?"

"Wacha," Rael alisema. "Ukifuta watu wanaona unaficha."

Na Mourine alipoenda kuchota maji, Rael aliichukua simu akamjibu yule msichana. Hakuandika neno. Aliweka vile vikaragosi vya kucheka hadi machozi, vitatu. Hakuna aliyemlazimisha. Miezi baadaye, akiwa amekaa tu anapinda pindo la sare, vile vikaragosi vitatu vingemjia na uso kumchoma moto, akaacha kushona kwa muda.

Alhamisi alipigiwa simu na namba asiyoijua.

"Ni Lynnet, mke wa Cephas, yule mwana wa Mama Zilpah. Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka. Habari za huko?"

"Watu wanakuja kuchukua vitambaa vyao. Tangu juzi. Mama aliuliza kuna nini, ikabidi nimwambie. Akaniambia nimwekee asikie, kwa sababu kuona haoni vizuri. Akasikia sauti yako. Amesema nikupigie nikuulize kama ulijua ni yeye."

Cherehani ilikuwa mbele yake, mguu wake ukiwa bado kwenye kikanyagio. "Sikujua," Rael alisema.

"Sawa. Nitamwambia."

Video aliifuta saa hiyo hiyo. Haikusaidia. Watu walikuwa wameshaichukua na kuituma upya, wengine wameweka muziki, na mmoja wa mbali kabisa alikuwa amekata yale maneno yake ya cherehani ya Jumatatu na kuyafanya mzaha wa kutumia kwa kila mtu asiyejua kazi. Alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye simu ya kijana dukani kwa jirani. Alifunga kibanda mapema, akapitia nyuma ya soko asikutane na mtu.

Siku ya nne baada ya simu ile alienda Asumbi.

Zilpah alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, ameuelekeza uso mahali penye mwanga, na alikuwa mdogo kuliko Rael alivyomkumbuka. Katikati ya jicho lake la kushoto palikuwa na weupe kama wa maziwa yaliyomwagwa kwenye chai na kuachwa bila kukorogwa. Mlangoni, meza ya kukatia ilikuwa tupu. Lynnet alimletea Rael kiti, akaenda zake.

"Karibu, Min Lavender," Zilpah alisema. Yaani Mama Lavender; Lavender alikuwa yule mtoto aliyelelewa kwenye chumba cha nyuma. Zamani Zilpah hakuwa akimwita Rael hivyo. Alikuwa akimwita nyathina, mwanangu.

"Asante, Mama."

"Lynnet aliniambia kwamba hukujua."

Rael alikuwa ameipanga hotuba yake njia nzima. Ilimpotea yote. "Nilijua, Mama. Niliona uzi mweupe."

"Kabla ya kuituma au baada?"

"Kabla."

Zilpah alitikisa kichwa polepole. Hakuinua sauti. "Kosa lilikuwa langu. Gauni lile niliharibu, na mengine mawili. Niliona rangi tu, mbele na nyuma sikuona, na niliona aibu kumwambia yule bibi arusi kwamba siwezi. Kwa hilo ungenicheka hata mbele yangu, ningekubali. Lakini ulisema sikufundishwa na mtu. Ulisema nilinunua cherehani Jumatatu." Akageuza uso upande wa Rael. "Wewe ulikaa hapa miaka miwili. Kama mimi si fundi, wewe ni nani?"

Rael alilia kwa namna ya aibu, bila sauti, akijifuta kwa kiganja. Baadaye, akitafuta kitu chochote cha kutoa, akasema, "Mama, nimefikiria tufanye video nyingine. Mimi na wewe. Nikuombe msamaha mbele ya watu wote, wakuone, wajue wewe ni nani. Itatazamwa sana—"

"Itatazamwa," Zilpah alisema. "Unataka kunirekodi tena."

Simu ilikuwa mkononi mwa Rael. Aliitia kwenye mkoba.

Video ya msamaha aliifanya peke yake, Uriri, asubuhi kabla ya kinu. Hakuanza na shida wala kitu cha kushtua. Alisema kwamba fundi aliyemcheka ndiye aliyemfundisha, kwamba alijua tangu mwanzo, kwamba aliulizwa akasema uongo, na kwamba kosa lile la mikono lilitokana na macho na si ujinga. Ilitazamwa na watu elfu tatu na kidogo, ambao ni wachache sana wakilinganishwa na wale wa kwanza. Wengi waliandika kumtukana, wakasema hata hiyo ni ya kutafuta watazamaji. Wateja wawili wa kanisani kwake walichukua vitambaa vyao. Mourine alitaka kuwajibu wote, Rael akamkataza.

"Waache. Wanayosema si ya uongo."

Tangu hapo kila Jumatano alipanda gari kwenda Asumbi. Kwanza Zilpah hakutaka. Rael aliketi nje na Lynnet akachambua naye mboga, akarudi zake. Mara ya tatu, Zilpah alimwambia kuna sare za watoto wa jirani zinahitaji kukatwa. Akakata. Zipu akaziweka yeye, na mwisho wa kila zipu akaweka msalaba wa uzi mweupe. Zilpah alikuwa akipitisha kidole juu yake kupima. Wa kwanza aliufumua, akamrudishia.

Mwezi wa nane madaktari wa macho walipita huko, Zilpah akatolewa mtoto wa jicho upande mmoja. Baadhi ya wateja walirudi, si wote. Rael bado anajirekodi, maana watu wameendelea kumwandikia wakiuliza, na kufundisha anapenda kweli. Lakini anaonyesha mikono yake tu, na makosa anayofumua ni yake mwenyewe, ambayo hayakosekani.

Jumatano iliyopita alikuwa Asumbi anapiga pasi kola wakati walipoingia wageni wawili, akina mama wa kikundi cha kanisa kutoka Kendu Bay, wanatafuta mtu wa kuwashonea. Mmoja alimwangalia Rael, akamuuliza Zilpah, huyu ni nani, ni binti yako?

Rael aliinamia pasi, akangoja.

"Huyu ni fundi wa Uriri," Zilpah alisema. "Anakuja kunisaidia."

Halafu akawaambia wageni waketi, awachukue vipimo mwenyewe.