Kisiki chenye Panda, Mtera

Mama yangu alinifundisha kutembea mara mbili. Ya kwanza siikumbuki. Ya pili nilikuwa mtu mzima mwenye kitambi na kazi ya ofisini Dodoma mjini, na mafunzo yalifanyika kando ya bwawa la Mtera, ambako mama alikuwa akikaanga na kuuza samaki wa perege tangu sijazaliwa.

Moyo wake ulikuwa umechoka na miguu inavimba. Daktari alimwambia atembee kidogo kidogo. Basi kila Jumamosi nilishuka kwenye basi, nikamwamkia, tukatoka. Mwendo wangu ni wa mtu anayewahi foleni. "Taratibu, baba," alikuwa akiniambia. "Maji hayaendi popote."

Hapo alikosea, au alinitania. Kilikuwa kiangazi, na bwawa lilirudi nyuma kila wiki, likiacha tope na visiki vya miti iliyozama zamani. Jumamosi ya kwanza tulifika majini. Akavua kandambili, akaosha miguu, akacheka peke yake. Wiki mbili baadaye aliishia kwenye kisiki kimoja chenye panda, akakaa. Maji yalikuwa mbele kidogo. Wiki iliyofuata aliishia palepale, na maji yalikuwa mbali zaidi. Yeye anaishiwa nguvu, bwawa nalo linamkimbia. Iliniuma sana, na mimi nikiumia huwa najifanya mjuaji.

"Subiri kifuku, mama. Mvua zikinyesha, maji yatakufuata hapahapa ulipokaa."

Aliyatazama maji kule mbali. "Si unibebe tu? Sina uzito wowote siku hizi."

Nilicheka. Wachuuzi wa samaki walikuwa wamejaa pale, na wengi wananijua tangu utoto. "Mama nawe! Watu watatuonaje?"

"Wataona mtoto kambeba mama yake."

Nikasingizia tope. Nikamwonyesha viatu vyangu vya kazini, vyeusi, nilivyovipiga rangi asubuhi ile. Halafu, kwa kuona nimepata dawa, nikaomba maji kwa mwanamke aliyekuwa akiosha samaki karibu nasi. Akanipa ndoo nzima. Mama aliingiza mguu mmoja, akautoa, akaingiza wa pili. "Asante, baba," aliniambia, kwa adabu ileile aliyokuwa akiwaonyesha wateja. Afadhali angenigombeza.

Hakuifikia Jumamosi iliyofuata. Tulimzika juu kidogo ya kijiji, kwenye ardhi kavu, na udongo ulikuwa mgumu mpaka wachimbaji wakapokezana majembe mara nyingi.

Kifuku kilipokolea nilirudi. Nilitembea taratibu kama alivyotaka, nikisimama kila alipozoea kusimama kupumua. Kumbe ujuaji wangu ulikuwa wa kweli: maji yalikuwa yamerudi hadi kwenye kisiki chake, yakakizunguka, panda tu ndiyo iliyoonekana. Yule mwanamke wa ndoo alikuwepo, na wachuuzi walewale.

Niliingia. Maji yakanifika magotini.

"Kaka, viatu!" mwanamke yule aliniita. "Unaharibu viatu!"

Niliishika ile panda kwa mikono miwili, nikamlilia mama yangu kwa sauti, watu wote wakiniona.