Shingo ya Gitaa na Mafuta ya Maganda

Gitaa langu lilikuwa na shingo inayonata. Siku hizi hainati tena, na afadhali ingebaki vile vile.

Nilinunuliwa gitaa hilo na marehemu baba nikiwa msichana mbichi, kule Masasi, alipoona nimeng'ang'ania la kanisani mpaka wenzangu wa kwaya wananinunia. Fundi aliyeliuza alikuwa amelipaka vanishi nzito kama anapaka meza ya baa. Joto la Masasi mnalijua. Kiganja kikitoa jasho, dole gumba linaganda shingoni, unataka kuteleza unaenda juu, nalo limekukatalia. Ujanani sikujali. Nikaolewa, nikapandishwa huku Newala, nikapiga kwaya huku vile vile, shingo inanata nami nanata nayo.

Halafu vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kukaza asubuhi. Hospitali wakaniambia ni baridi yabisi. Daktari, kijana mpole tu, akanikunja vidole kimoja kimoja, akasema, "Mama, hivi vitaendelea kukaza. Kama una kazi navyo, ifanye mapema."

Kazi nilikuwa nayo. Binti yetu, mtoto wetu pekee, alikuwa anaolewa Masasi, na hakuniomba kitenge wala sufuria. Aliniomba nimpigie kanisani ule wimbo niliokuwa nambembelezea akiwa mchanga, wimbo niliojitungia mwenyewe mgongo ukiniuma. Basi nikavitunza vidole vile kwa ajili ya siku hiyo. Kufua nikaacha, kutwanga nikaacha. Mume wangu akasema, "Na hiyo shingo tuishughulikie, mama. Isije ikakusumbua mbele za watu."

Yeye ni mkulima wa korosho, useremala anaufanya pembeni. Mabenchi mengi ya kanisa letu ni ya mkono wake. Alitoa nyuzi, akaikwangua vanishi kwa kipande cha kioo, taratibu, halafu akaja na msasa mkali, halafu msasa laini. Chini kumbe kulikuwa na mti mzuri, hudhurungi. Nikaushika nikapenda.

"Iache hivi hivi," nikamwambia.

"Mti mtupu unakunywa jasho. Utapinda."

"Si upinde!"

"Haya, halafu utanililia mimi."

Tukaanza kuchagua. Kwanza dawa ya viatu, ile wachonga vinyago wanayong'arishia mpingo. Ikang'aa, lakini ikaniachia kiganja cheusi, na mimi siku ya harusi navaa gauni la rangi ya maziwa. Akaifuta. Tukajaribu nta ya nyuki. Asubuhi ilikuwa tamu, jua lilipopanda ikalainika, tukarudi kule kule kwenye kunata. Vanishi mpya nikakataa kabla hajamaliza kuitaja. Ndipo akanichukua mpaka nyumba ya mama yake, akanisimamisha mlangoni. "Shika hapa," akasema.

Nikashika fremu ya mlango. Nyeusi, na ndani yake kama kuna wekundu. Laini kama korosho iliyovuliwa ngozi. Baba yake aliipaka mafuta ya maganda ya korosho zamani hizo kuzuia mchwa, na ukoo mzima umekua unaegemea pale.

"Si yanaunguza hayo?" nikauliza. Nani huku asiyejua? Msimu wa kubangua, watoto wanatembea na midomo iliyobabuka kwa utomvu.

"Mabichi ndiyo yanaunguza. Nitayapika."

Akayapika nyuma ya nyumba, moshi mpaka kwa majirani, nikamtukana kidogo, akacheka. Akapaka kwa kitambaa, safu nyembamba, akasugua, akaanika juani, akasugua tena. Alikuwa anaamka na shingo, anashinda na shingo. Rangi ikaja, jamani! Sijaona gitaa lenye shingo nzuri vile. Kabla ya kunipa, akaikamata mwenyewe kwa nguvu, akaipandisha na kuishusha kiganjani, akasubiri mpaka jioni. Akanifunulia mkono: "Unaona? Hamna kitu."

Nikaona. Weee, kiganja kile! Kimebangua korosho tangu utotoni, kinaokota kaa la moto na kulirudisha jikoni bila haraka. Hakuna mafuta yoyote ya kukishtua. Na mlango wa mama yake ulikuwa umekauka tangu yeye hajazaliwa, tena hakuna mtu aliyewahi kuushika kwa jasho mchana kutwa. Hayo tumeyafikiria baadaye. Siku ile tulikuwa watu wazima wawili tunachekelea shingo ya gitaa.

Nilifanya mazoezi na kwaya, Jumamosi moja kabla ya harusi. Dole gumba liliteleza kama si langu. Nilitamba, sitaki kuficha. Nilirudia wimbo ule mpaka akina mama wenzangu wakasema wewe sasa umezidi, tuache twende tukapike.

Asubuhi mkono ukaanza kuwasha. Mchana ukavimba. Kesho yake malengelenge yakatanda kiganja kizima, na dole gumba likawa halitazamiki. Maji ya Newala tunayahesabu kwa dumu, na mimi nilimaliza madumu ya nyumba nzima nikiosha mkono mmoja, nisipate nafuu yoyote. Mume wangu alikuwa anazunguka uani tu. Anaingia, anauangalia mkono, anatoka. Nilitaka kumfokea, nikamwangalia usoni, nikaacha.

Harusini nilikwenda na bandeji. Kijana wa kwaya ya Masasi akapiga kinanda, akapiga vizuri tu, nyimbo zinazojulikana. Binti yangu alipofika mbele aligeuka mara moja akatazama upande wa kwaya, halafu akainamisha kichwa. Alijua mkono unauma, nilimweleza. Aligeuka hivyo hivyo. Mume wangu hakula pilau. Mimi nilikula, maana watu walikuwa wananiangalia.

Ngozi ilibabuka, ikaota nyingine. Lakini muda wote ule mkono umefungwa, vidole navyo vilijifungia. Bandeji ilipotoka, havikukunjika tena kama zamani. Daktari akasema pengine ingekuja tu, bandeji au si bandeji. Pengine. Ninachojua mimi ni kwamba siku ya mazoezi vilikunjika, na harusi ilikuwa imebaki wiki.

Mume wangu akarudi kwenye shingo. Kila asubuhi anaianika juani, anaifuta kwa kitambaa kikavu, anainusa. Miezi ikapita, siku moja akaniletea. "Jaribu, mama. Taratibu."

Nikaipakata. Haikuwasha. Dole gumba likapanda toka mwanzo wa shingo mpaka kwenye tumbo la gitaa bila kukwama popote. Vidole vikafika juu ya nyuzi vikasimama pale, nusu vimekunjika, nguvu ya kubonyeza hamna. Nikapiga kwa mkono wa kulia, ukatoka mlio wa bati.

Alikuwa mlangoni, kitambaa mkononi. "Inaunguza bado?"

Nikauona uso wake. "Inawasha kidogo," nikasema. "Haijakauka vizuri."

Akapumua. Kwamba haijakauka, hilo jambo analiweza. Toka siku hiyo ndivyo tunavyoishi: yeye anafuta, ananiletea, mimi nashika, nasema bado kidogo, yeye anaianika tena. Na mimi nabaki ndani nauangalia mkono huu, nautamani ule wa zamani mpaka machozi yananitoka.

Msimu huu binti yetu alipanda kutoka Masasi na mtoto mchanga mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lete huyo nimbebe."

Hakukaa sana akauliza, "Gitaa je? Si umpigie mjukuu wako ule wimbo wangu?"

Baba yake akawahi: "Shingo bado mbichi. Usimharakishe mama yako."

Baada ya chakula, binti na mtoto wakajilaza. Nilikuwa jikoni, nikamwona mume wangu pale kibarazani amelipakata gitaa. Akakunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko. Akailaza shingo kwa ndani ya mkono, pale penye ngozi laini ambapo hata yeye hana sugu, akaikandamiza. Akakaa hivyo. Jua likahama ukuta mmoja, naye yupo pale pale.

Jioni nikaenda kuketi karibu yake. Alikuwa anautazama mkono wake. Hakukuwa na wekundu, wala kipele. Hakuniambia nijaribu. Alinishika mkono wa kushoto, akajaribu kuvikunja vidole vyangu, polepole, kama alivyofanya yule daktari. Vikafika nusu, vikagoma.

"Imekauka," akasema.

"Imekauka, baba."

"Tangu lini?"

Ndani mjukuu aliamka analia, mama yake akaanza kumwimbia ule wimbo kwa mdomo, akikosea katikati. Mume wangu akasikiliza mpaka mtoto akanyamaza. Kisha akatafuta kitambaa chake, akaanza kuifuta shingo kuanzia juu.