Ukimya Nilioujaza kwa Vina

Nimeliandika jambo hili mara tatu kwenye daftari na mara zote nikalichana, maana kila nikilisoma naona nimejipendelea. Elimu yangu ni darasa la saba. Nitajaribu kuyasema yalivyokuwa, ya mwenzangu na yangu.

Miaka ile ya soko huria, kiwanda cha nguo kilipotupunguza kazini, nilianza kuuza mitumba sokoni Buzuruga. Jirani yangu alikuwa fundi bati, anatengeneza majiko na karai kutokana na mapipa chakavu. Mimi nilikuwa natunga mashairi ya vina na mizani, mistari minne kila ubeti, napeleka redioni. Mawili yalisomwa. Yeye aligonga kutwa, na nyundo yake ilinikatisha katikati ya mstari.

"Fundi, si ungoje nimalize?"

"Ungoje wewe, dada. Mstari wako mrefu kama foleni ya sukari ya zamani."

Nilinuna. Lakini jioni, wakati wa kunakili, nikaona mstari uliokatika umependeza kuliko ule mzima. Nikaanza kuvunja pale alipogonga: neno moja, nafasi tupu, kisha maneno mawili. Vina vikaniponyoka. Nilipomsomea, aliinua nyundo, akanipigia bati akiziacha zile nafasi zangu wazi. Na hapo lazima nijitendee haki kidogo: kabla ya siku ile fundi hakujua kunyamaza, alijaza kila upenyo. Kunyamaza alijifunza kwangu, nami kukatika nilijifunza kwake. Akatundika vipande vya bati kwa waya, akaburuta mnyororo ndani ya pipa, akamimina dagaa wakavu kwenye karai ikasikika mvua.

Muuza chai alikuwa akituuliza, "Leo mnatoa majini ya nani?" Mwalimu mmoja, mteja wangu, alisema huko nje wako watu wanaosomea mambo hayohayo, mashairi yasiyo na vina na muziki usio na wimbo.

Fundi akamjibu, "Basi mwalimu, waambie wanunue jiko."

Baada ya mavuno ya pamba tulialikwa uwanjani Pasiansi, tuonyeshe kazi yetu wakati wacheza ngoma wanapumzika. Ngoma za Kisukuma huchezwa makundi mawili kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watu huhamia wanakopenda. Penye watu wengi ndipo penye ushindi. Fundi alitaka tusimame hivyohivyo, mimi huku, yeye kule, watu watembee katikati wasikie maneno yakijibiwa na bati. Wazo lilikuwa lake, ila nilikubali kwa moyo wote. Hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba watu wangeona mashindano.

Wakaona mashindano. Nilisema neno langu la kwanza, nikanyamaza kama tulivyopanga, na katika ule ukimya watu wakaondoka kumfuata yeye.

"Huyu mama kasahau shairi!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Twendeni kwa fundi!"

Ningesubiri tu. Kazi yetu yote ilikuwa fupi. Badala yake nikalitoa shairi langu la zamani la mitumba, vina vyote mahali pake, nikalighani kwa sauti ya sokoni. Watu wakacheka, wakarudi mbio. Nikaghani na la pili. Sitasema nilichanganyikiwa. Nilijua ninachofanya, nilitaka kushinda.

Mwishowe fundi alikuja na pipa lake begani. "Hongera, dada. Umenishinda."

Nikamwambia, "Asante." Ndilo neno nililolipata, mimi mtunzi.

Baada ya hapo aligonga majiko tu. Nikimsomea, aliitikia, "Vizuri, dada," akaendelea na kazi. Kisha akahamia Nansio. Asubuhi ya kuondoka aliniachia kaseti; kumbe siku ile ya Pasiansi redio yake ya kaseti ilikuwa inarekodi miguuni pake. Nilikaa nayo miaka bila kuisikiliza. Niliogopa kumsikia akinilaani.

Hakunilaani. Kwenye kaseti anapiga sehemu yake yote kama tulivyopanga, na kila penye neno langu ananyamaza, ananiachia nafasi, huku mimi nasikika kwa mbali na vina vyangu na vicheko vya watu. Mwisho nilipaswa kusema neno moja, "tulia," naye afunge kwa pigo moja. Anafika hapo, ananyamaza. Mtu aliye karibu naye anauliza, "Fundi, imekwisha?"

"Bado. Namsubiri."

Pigo halisikiki. Mkanda unazunguka mpaka unakwisha, na mimi kule bado naghani.